Gari limefika, redio yasema Kijapani

Juma hili tunatoka jikoni na kuingia garini. Sababu ni barua iliyotoka Mwiki, upande ule wa Ruiru unaopakana na Githurai. Aliyeiandika ni mama ambaye pamoja na mumewe walijinyima kwa miaka minne, wakiweka akiba kidogo kidogo katika sacco, hadi wakanunua gari dogo lililotumika kutoka Japani. Gari lenyewe, asema, halina neno. Neno liko kwenye redio. Skrini imejaa maandishi ya Kijapani, stesheni wanazozipenda hazishiki, na kila asubuhi gari likiwashwa sauti ya bibi fulani inawaamkua kwa lugha wasiyoijua.

Sasa nyumba imegawanyika. Baba ataka taarifa ya habari ya Radio Taifa. Mama ataka Inooro akienda kazini. Kijana wao aliye chuo kikuu ashikilia kwamba redio hiyo ing'olewe mara moja, iwekwe nyingine yenye skrini pana, na kwenye buti zitiwe wufa mbili na amplifaya, ati ndipo gari lijulikane kuwa ni gari. Fedha zilizosalia nyumbani ni karo ya muhula ujao ya kitinda mimba. Mama auliza ashike la nani.

Mama, karo isiguswe. Hilo nalisema mapema ili usilazimike kusoma hadi chini ukiwa na wasiwasi. Lakini kijana naye hakukosea kila kitu, na kwa kuwa magari ya namna hii yamejaa kila ploti kuanzia Kahawa hadi Thika, hebu tulitazame jambo hili kwa makini.

Nambari zisizokutana

Redio hiyo si mbovu. Hapa Kenya, kama katika nchi nyingi za dunia, masafa ya FM huanzia karibu na 88 na kukomea 108. Wajapani waliyapanga yao kutoka 76 hadi 90, kwa sababu nafasi ya 90 hadi 108 walikuwa wameipa televisheni: chaneli yao ya kwanza, ya pili na ya tatu. Televisheni za mtindo huo wa kale zilizimwa huko mwaka wa 2011, isipokuwa katika mikoa mitatu iliyosubiri hadi 2012, na tangu 2014 stesheni za Japani zikaanza kutumia nafasi ya hadi 95. Ndiyo maana redio za magari ya zamani kidogo hukomea 90, na nyingi za yale ya karibuni hufika 95. Kazi yako ya kwanza, kabla hujamwita fundi yeyote, ni kupandisha namba kwenye redio hadi uone inapokomea na kurudi 76. Iandike.

Dawa inayojulikana kwa mafundi wote, kuanzia wale wa kando ya barabara Githurai hadi Kirinyaga Road mjini, ni kidude kidogo kiitwacho ekspanda. Huchomekwa kati ya waya wa eriali na redio, kikapewa umeme wa volti 12. Kazi yake ni hesabu ya kutoa. Ekspanda ya 12 ikipokea stesheni iliyo 98.4, huipunguza 12 na kuipeleka redioni kama 86.4. Redio huamini kwamba bado iko Japani, nawe unasikiliza Capital.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha bila ya kuibiwa na mtu. Ekspanda ziko za viwango mbalimbali, na fundi mwenye haraka hatakuuliza nyumbani kwako mnasikiliza nini. Atakufungia iliyo mfukoni mwake. Chukua redio inayokomea 90 na ekspanda ya 12. Utakachopata ni stesheni za 88 hadi 102. Radio Taifa, ambayo hapa Nairobi iko 92.9, utaikuta kwenye 80.9. Inooro ya 98.9 itakuwa 86.9, na Kameme ya 101.1 itakuwa 89.1. Lakini Radio Maisha ya 102.7 ingehitaji 90.7, na Citizen ya 106.7 ingehitaji 94.7, nayo redio ilikwisha kufika ukingoni. Badilisha sasa uweke ekspanda ya 20. Citizen itaingia vizuri kwenye 86.7 na Maisha kwenye 82.7, ila Radio Taifa itashuka hadi 72.9, chini ya pale redio inapoanzia. Baba atakaa kimya njia nzima.

Kama redio yako ni ile inayofika 95, una bahati. Hata bila ya kidude chochote utashika stesheni za chini kama Ghetto ya 89.5 na Radio Taifa yenyewe. Ukiitia ekspanda ya 12 utaona kuanzia 88 hadi 107, yaani karibu kila kitu, Citizen ikiwemo.

Kwa hiyo, msomaji, usiende kwa fundi mikono mitupu. Jioni moja kila mtu nyumbani ataje stesheni yake, ziandikwe kwenye karatasi, na mtoto wa gredi ya nne apewe kazi ya kutoa 12, kisha 20. Jibu litawaambia ni ekspanda gani ya kununua. Karatasi hiyo hiyo ibandikwe karibu na redio, maana namba inayoonekana kwenye skrini haitalingana tena na ile inayotangazwa hewani. Na ukiwekewa ekspanda kisha stesheni zisishike hata moja, usikubali haraka kuambiwa kwamba redio imekufa. Mara nyingi ni ule waya wa umeme wa ekspanda ambao haukuunganishwa, kwa hiyo hesabu ya kutoa haifanyiki.

Na yule bibi wa kila asubuhi? Aghalabu hata hayumo ndani ya redio. Barabara kuu za Japani hulipiwa, na magari ya huko huwa na kisanduku cha malipo kinachosoma kadi. Bibi anachosema ni kwamba kadi haijaingizwa. Ameisema Yokohama, amekuja kuisema Mwiki. Fundi akikitafuta kisanduku hicho, ambacho mara nyingi huwa chini ya usukani au ndani ya kijisanduku cha mbele ya abiria, atakichomoa na mtaagana naye.

Kuna onyo moja juu ya redio za ramani, hasa zile za Toyota. Nyingi zina kadi ndogo ya SD ndani yake, na kadi hiyo ikitolewa redio hukataa kabisa kufanya kazi. Watoto hupenda kuichomoa ili waitie nyimbo. Baadhi ya redio hizo pia hujifunga betri inapokatwa, zikadai namba ya siri ambayo aliyeuza gari hakuipata na wala hakuitafuta. Kabla ya betri kubadilishwa, uliza. Hata wakati wa kununua gari, mwambie muuzaji aiwashe redio mbele yako.

Ukiwa na fedha za kununua

Sasa tuseme karo imelipwa, mwaka umepita, na mmeamua kununua redio nyingine. Pima tundu kwanza. Redio nyembamba ni milimita 180 kwa 50, ile nene ni 180 kwa 100, na Toyota wengi wana tundu pana zaidi la 200 kwa 100. Ukiweka redio ya 180 ndani ya tundu la 200 utahitaji vipande vya plastiki vya kuziba pembeni, la sivyo itaachwa na mianya kama meno ya mtoto wa miaka saba. Uliza pia kama vitufe vya kwenye usukani na kamera ya nyuma vitaendelea kufanya kazi, kwa kuwa kwa magari mengi vinategemea redio ile uliyokwisha kuing'oa.

Ukifika Luthuli Avenue utaoneshwa skrini kubwa zinazong'aa, zisizo na jina au zenye jina usilopata kulisikia. Mimi sizipendi, na ni haki yangu. Nyingi huchukua muda kuamka kama simu kuukuu, na sehemu yake ya kushikia stesheni huwa hafifu. Kwa fedha zile zile, redio ya kawaida kutoka kampuni inayojulikana, yenye Bluetooth, tundu la USB na nafasi ya kupanga sauti, itakutumikia vyema zaidi. Hakikisha kwamba ni ya soko la nje ya Japani, yaani inafika 108, ama utarudi kwenye hesabu ya kutoa.

Kisha yaja maneno ya wati. Mazungumzo huwa hivi:

"Mzee, hii ni moto. Wati 200, hamsini kwa kila spika."

"Ahsante, kijana wangu. Hebu igeuze nione fyuzi yake."

Ikigeuzwa utaona fyuzi ya ampea 10, pengine 15. Gari likinguruma, umeme wake huwa karibu volti 14. Zidisha 14 kwa 10, unapata wati 140, na hizo ndizo zote zinazoweza kuingia ndani ya redio hiyo bila ya fyuzi kukatika. Sehemu yake hugeuka joto tupu. Zitatokaje 200 mahali zilipoingia 140? Namba kubwa ya kwenye sanduku ni ya kufumba na kufumbua tu. Namba ya kutazama ni ile iliyoandikwa RMS ndani ya kijitabu, na kwa redio nyingi za gari huwa kati ya wati 15 na 20 kwa kila spika.

Usivunjike moyo, maana hizo ni nyingi. Spika ya kawaida hutoa kama desibeli 90 kwa wati moja tu, ukiwa mita moja kutoka kwake. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3: wati 2 ni 93, wati 4 ni 96, wati 8 ni 99, wati 16 ni 102. Ndani ya gari dogo lenye madirisha yaliyofungwa, sauti hiyo inaumiza. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji karibu wati mara kumi, na hapo ndipo fedha za amplifaya zinapokwenda.

Kama nina shilingi chache za kutumia, ningeziweka kwenye spika mbili za milango ya mbele. Spika zilizokuja na gari mara nyingi ni za karatasi nyepesi, zimekula jua, vumbi na unyevu kwa miaka mingi, na ukingo wake huanza kupasuka. Ukinunua za mtumba, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza, iache. Nenda pia na betri ya tochi ya volti 1.5. Gusisha upande wa kujumlisha wa betri kwenye alama ya kujumlisha ya spika, na ule mwingine kwenye mwenzake. Koni ikiruka kuelekea nje, alama ni za kweli. Ikirudi ndani, alama zimegeuzwa.

Jambo hilo dogo lina uzito kuliko linavyoonekana. Spika mbili zikifungwa kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inapotea hewani. Mwenye gari hudhani spika ni dhaifu, anakwenda kununua wufa. Kabla ya kununua wufa yoyote, fanya jaribio hili: cheza wimbo wenye besi, kisha sogeza sauti yote upande mmoja. Besi ikiongezeka unaposikiliza spika moja kuliko mbili, zimefungwa kinyume. Kugeuza nyaya mbili ni kazi ya dakika chache.

Kupanga sauti

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasome polepole, kwa kuwa kazi hii haina gharama na hata yule mwenye redio ya Kijapani anaweza kuifanya leo alasiri.

Egesha gari mahali pa kimya, funga madirisha, acha injini ikinguruma. Keti kwenye kiti chako unachoendeshea. Chagua wimbo unaoujua kama jina lako. Benga ya D.O. Misiani yafaa sana kwa magitaa yake, rumba ya Franco vilevile, au Joseph Kamaru kwa wale waliolelewa naye. Epuka nyimbo za disko zenye besi tupu. Hizo zitalisifu hata debe. Kama unacheza kutoka kwa simu kwa Bluetooth, pandisha sauti ya simu hadi karibu na mwisho, halafu tumia kitufe cha redio kuongeza na kupunguza. Simu ikiwa chini na redio ikiwa juu, unachokuza ni mvumo.

Rudisha kila kitu sifuri. Zima yale majina ya kupendeza, Rock, Pop, Jazz na mengineyo, zima pia nyongeza ya besi na kitufe cha Loudness. Watu wengi hawajawahi kuisikia redio yao ikiwa uchi namna hiyo, nao hushangaa kwamba si mbaya.

Anza na mbele na nyuma. Muziki hutakiwa kuja kutoka mbele yako, kama bendi iliyo jukwaani, si kutoka kisogoni. Sogeza sauti mbele mpaka spika za nyuma zisikike kwa mbali tu. Kwa familia kuna sababu nyingine: watoto huketi nyuma, na spika za milango ya nyuma ziko hatua moja tu kutoka masikioni mwao. Baba akiongeza sauti ili asikie vizuri huku mbele, mtoto wa nyuma ndiye anayeupokea mzigo.

Kisha kulia na kushoto. Sisi huendesha tukiwa upande wa kulia, kwa hiyo spika ya kulia iko karibu nasi kuliko ya kushoto. Isogeze sauti kushoto alama moja au mbili hadi mwimbaji aonekane amesimama katikati ya dashibodi. Redio zilizo bora zaidi huweza kuichelewesha spika iliyo karibu. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pima kwa utepe wa fundi cherehani kutoka sikio lako hadi kila spika. Kama ya kulia ni sentimita 80 na ya kushoto ni 140, tofauti ni 60, nayo ni kama 1.8 kwenye kipimo hicho. Iingize kwa spika ya kulia. Ukiifanya mara moja hutaki tena kurudi nyuma, ingawa abiria wako wa kushoto atalalamika, maana yeye umemwekea kinyume.

Sasa besi na trebo. Kanuni yangu ni kupunguza kwanza kabla ya kuongeza. Ukisikia kelele inayochoma, shusha kidogo eneo la hezi 2,500 hadi 5,000. Mwimbaji akisikika kama aliyefunikwa blanketi, usikimbilie trebo; shusha pale kwenye 200 hadi 300, penye uzito wa ziada wa milango ya gari. Ngoma na mpigo wa besi viko 60 hadi 100. Hapo ruhusa kuongeza alama moja au mbili, kwa sababu gari likienda, mvumo wa matairi kwenye lami ya Thika Road huimeza besi kabla ya vitu vingine. Ukipanga sauti ikupendeze gari likiwa limesimama tu, ukifika Roysambu utaiona nyembamba. Kwa hiyo panga, endesha safari moja, kisha sahihisha.

Kuna kifungo kimoja ambacho mafundi wengi hukiruka, kiitwacho HPF. Hicho huzuia sauti nzito mno zisiende kwenye spika ndogo. Kiweke kwenye 80. Utapoteza besi kidogo, lakini spika za milango zitaacha kutetemeka, plastiki za mlango zitanyamaza, na utaweza kuongeza sauti bila ya kupasuka. Kupasuka huko ndiko kunakoua spika. Redio ikilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, joto hupanda ndani ya koili ya spika, na siku moja unasikia harufu. Tafuta mahali sauti inapoanza kukwaruza, shuka alama tatu, na hapo ndipo pa mwisho kwa kila mtu wa nyumba hiyo.

Tena jaribu kila kitu kwa taarifa ya habari. Ikiwa mtangazaji anasikika kama binadamu aliyeketi nawe, umepanga vizuri.

Maneno na kijana wa wufa

Mwanangu uliye chuoni, nawe nisikilize. Wufa si dhambi. Manyanga ya Githurai yamekulea kwa besi, na muziki wa matatu ni sehemu ya biashara yake. Huwavutia abiria walio nje. Gari la mama yako halina abiria wa kuita.

Ukifika wakati wako wa kununua, wufa moja ndogo ya kuwekwa chini ya kiti, yenye amplifaya yake ndani, itakutosha. Iamuru ishike chini ya 80 pekee, ili isigombane na milango. Kile kitufe cha amplifaya kiitwacho Gain si cha kuongeza sauti, japokuwa kinafanana nacho. Ni cha kulinganisha amplifaya na redio. Kianze chini kabisa, pandisha redio hadi robo tatu, kisha kipandishe taratibu mpaka wufa ilingane na spika nyingine, uache hapo. Na waya mkubwa wa umeme utokao kwenye betri lazima uwe na fyuzi karibu na betri yenyewe, usizidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Fyuzi iliyo karibu na wufa huko nyuma hailindi waya uliopita chini ya zulia. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, moto utaanzia mahali watoto wanapokanyaga. Kama fundi anasema fyuzi si lazima, chukua ufunguo wako uondoke.

Zaidi ya hayo, betri ya gari dogo aghalabu ni ya kama ampea 45 kwa saa. Muziki mkubwa ukivuta ampea 10 huku injini imezimwa, kwa muda wa saa mbili hivi nusu yake imekwisha. Ndiyo sababu kila ruracio huwa na gari moja linalosukumwa jioni.

Masikio nayo yana bajeti yake. Kipimo kimoja kinachotumiwa kazini huruhusu desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda hukatwa nusu. Kwa 88 ni saa 4, kwa 91 saa 2, kwa 94 saa 1, kwa 100 dakika 15. Msongamano wa magari kutoka Githurai hadi mjini unaweza kuzimaliza dakika hizo hata hujafika Allsops. Ukishuka garini masikio yakivuma, ulipita. Na usiku mtaani, kumbuka kwamba kanuni za kelele za mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira hukataza kelele ya kupita kiasi inayowaudhi wengine. Jirani mwenye mtoto mchanga hahitaji kuzisoma ili akuchukie.

Siku ya fundi

Nunua waya wa kuunganishia unaochomekwa kwenye plagi ya gari lako, badala ya kumruhusu fundi kukata nyaya na kuzifunga kwa utepe. Kwa redio nyingi rangi ni hizi: njano ni umeme wa kudumu unaotunza saa na stesheni, nyekundu ni ule unaokuja ufunguo ukizungushwa, nyeusi ni athi. Njano na nyekundu zikibadilishana, redio husahau stesheni zako kila unapozima gari. Zikiunganishwa pamoja kwenye umeme wa kudumu, utaikuta betri imelala siku moja asubuhi.

Asifunge dashibodi kabla hujajaribu. Washa taa, wipa na feni kwa pamoja, kanyaga mafuta kidogo, usikilize. Mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini aghalabu ni athi iliyofungwa vibaya, na ni rahisi kuirekebisha wakati skrubu bado ziko mkononi mwake. Rudisha sauti mbele, nyuma, kulia, kushoto, uhakikishe kila spika inajibu mahali pake. Halafu lipa. Redio ya zamani na kila waya uliotolewa virudi nyumbani ndani ya mfuko, na ile kadi ya SD ikiwa ndani yake, maana siku utakayoliuza gari mnunuzi huenda akaiulizia.